Msaada: RAM ya Proxmox iko 94% seva ikiwa haina kazi, na VM ya TrueNAS inajizima usiku

Kamera_Begani (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi napiga video za harusi, nipo Tabata. Mwaka juzi nilichoka kubeba diski za nje zilizojaa kwenye begi kama mahindi, nikajenga seva ya nyumbani. Ni kompyuta ya mezani ya ofisi, mtumba wa Kariakoo, i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 32. Nimeweka Proxmox (mfumo wa kuendesha kompyuta pepe, yaani VM, ndani ya mashine moja) juu ya SSD mbili zinazoakisiana kwa ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski). Ndani yake kuna:

VM ya TrueNAS (mfumo wa kuhifadhi faili), RAM GB 16. Hii nimeikabidhi moja kwa moja kadi ya LSI ya kuunganishia diski, yenye diski nne kubwa, Proxmox yenyewe haizioni hizo diski.
VM ya Ubuntu, GB 8, ina Immich ya picha za familia.
Kontena dogo la kuzuia matangazo, MB 512.

Jumlisha ni GB 24 na nusu. Nimebakiza zaidi ya GB 6 kwa ajili ya Proxmox yenyewe. Kwa hesabu zangu nipo salama kabisa.

Shida sasa. Dashibodi inaonyesha RAM 94%, muda wote, hata mchana nyumba nzima ikiwa kazini. Ningeishi nayo, lakini mara tatu ndani ya wiki mbili nimeamka nikakuta VM ya TrueNAS imezimika. Ubuntu ipo hai, kontena lipo hai, TrueNAS tu ndiyo chini. Jana ilizimika nikiwa nimeacha kadi za harusi ya Jumamosi zinakopi. Bahati nzuri sikuwa nimezifuta kwenye kamera, la sivyo leo ningekuwa namuelezea bwana harusi.

Niongeze RAM? Au TrueNAS inavujisha kumbukumbu? Naombeni msaada.

Nyundo_Ndogo

Mkuu RAM haijawahi kutosha. Ongeza, fika 64, lala usingizi.

Kamera_Begani

Mkuu bei za RAM umeziangalia hivi karibuni?

Nyundo_Ndogo

Basi weka hii kwenye cron (ratiba ya amri) kila saa, mimi naitumia ofisini:

`echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`

Utaona asilimia inashuka pale pale.

Bibi_Seva

Kamera_Begani, usiweke hiyo amri. Itashusha namba kwa dakika kumi, halafu diski zitaanza kusomwa upya na namba itarudi ilipokuwa. Ni sawa na kumwaga pipa la maji kila asubuhi ili lionekane jepesi.

Kabla hatujafika mbali, naomba vitu viwili kutoka kwenye Proxmox yenyewe, sio ndani ya VM:

`free -h`
`journalctl -k | grep -i "out of memory"`

Mtu_wa_Kisauni

Nafuatilia uzi huu. Huku kwangu Mombasa Proxmox yaniambia VM ya OPNsense (ya kulinda mtandao) yatumia RAM zaidi ya asilimia mia. Zaidi ya mia, jamani! Hiyo nyingine inatoka wapi?

Kamera_Begani

Bibi, haya hapa. Ya kwanza:

```
        total   used   free   shared  buff/cache  available
Mem:     31Gi   29Gi  812Mi     61Mi       1.1Gi      1.6Gi
Swap:      0B     0B     0B
```

Ya pili imetoa mistari mitatu, usiku tatu tofauti, yote kati ya saa 8 na saa 9 usiku. Nakata mkia wake, ni mrefu:

`02:13:41 kernel: Out of memory: Killed process 2214 (kvm) ...`

Kwa hiyo haikujizima yenyewe? Imeuawa?

Bibi_Seva

Imeuawa, ndiyo, hiyo kvm ndiyo VM yako. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikiishiwa RAM kabisa haigandi ikasubiri. Inachagua mchakato mmoja, inauondoa ili wengine wapone. Na inavyochagua haiangalii nani kaanzisha vurugu, inaangalia zaidi nani kashikilia kumbukumbu nyingi. Kwenye seva yako mwenye mwili mkubwa ni TrueNAS na GB 16 zake. Ndiyo maana kila mara anakamatwa yeye, Ubuntu anabaki anachekelea.

Kwa hiyo ondoa kichwani wazo la TrueNAS kuvujisha. Yeye ni marehemu hapa, sio mshukiwa. Tutafute aliyekula zile GB 6 ulizobakiza.

Hesabu ya kwanza. VM iliyokabidhiwa kadi ya PCI, kama hiyo LSI yako, inachukua RAM yake yote tangu inapowaka, na inafungwa pale pale. Sababu ni kwamba ile kadi inaandika yenyewe kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa, hivyo Proxmox haiwezi kusema "kurasa hizi hujazigusa, nazichukua". Kwa hiyo GB 16 zako hazirudi hata TrueNAS ikiwa imelala. Na ile diraiva ya puto, inayonyonya RAM isiyotumika kutoka kwa VM, hapo haina kazi. Kama umeiwasha, izime tu.

VM ya Ubuntu ni tofauti. Haina kadi, kwa hiyo inachukua RAM kadiri inavyoigusa. Mchana inaweza kuwa na 5 tu.

Sasa tazama: 16 jumlisha 5, jumlisha kama 1.7 ya Proxmox na kontena. Hiyo ni 22.7. Lakini `free` inasema 29. GB 6 na kitu zipo kwa nani? Endesha hii, tena kwenye Proxmox:

`arc_summary | head -40`

Kamera_Begani

Nimetafuta kwenye ile orodha mstari unaosema ARC. Ukubwa wa sasa 6.4 GiB, asilimia 41.0. Ukubwa wa juu 15.6 GiB.

Subiri. ARC si kitu cha TrueNAS? Hii ipo kwenye Proxmox?

Bibi_Seva

Hapo hapo. Unazo mbili.

ARC ni kache ya ZFS, na kila penye ZFS ipo ya kwake. Ndani ya TrueNAS ipo inayohudumia zile diski nne. Na kwa kuwa SSD za Proxmox nazo umeziweka kwa ZFS, ipo ya pili nje, inayohudumia diski pepe za VM zako. Hazijuani. Kila moja inaamini nyumba ni yake peke yake.

Ile ya nje imeruhusiwa kufika 15.6, yaani nusu kamili ya RAM yako. Ulisakinisha Proxmox lini, toleo gani?

Kamera_Begani

Ilikuwa toleo la 7, halafu nikapandisha kwenda la 8 bila kusakinisha upya.

Bibi_Seva

Basi tumemaliza nusu ya kesi. Kuanzia 8.1 kisakinishi cha Proxmox ukichagua ZFS kinaiwekea ARC kikomo cha asilimia 10 ya RAM, na isizidi GB 16. Lakini hiyo inaandikwa wakati wa kusakinisha tu. Aliyepandisha toleo kutoka nyuma anabaki na desturi ya zamani ya ZFS kwenye Linux, nusu ya RAM.

Na kuna jambo linalowachanganya watu wengi kwenye `free`. Kache ya kawaida ya Linux inahesabiwa kwenye safu ya buff/cache, ukiiona unajua hiyo inaachika. ARC haihesabiwi huko. Inaingia kwenye "used" pamoja na RAM ya kweli kweli ya michakato. Kwa hiyo mtu akiona 29 kati ya 31 anajua kuna mlafi, kumbe sehemu yake ni kache.

Kinubi

Samahani Bibi, napenda kuuliza. Kama ni kache si inatakiwa kuachia RAM ikihitajika? Mbona imeacha VM iuawe?

Bibi_Seva

Swali zuri. Inaachia, ila haina haraka. Ukihitaji kidogo kidogo, inasogea. Ukihitaji GB 3 kwa mkupuo wakati yenyewe inalishwa data mpya kwa kasi, kerneli inaweza kukata tamaa kabla ARC haijamaliza kukunja mkeka. Na seva hii haina swapu (sehemu ya diski ya kusaidia RAM ikijaa) hata ya MB 1 ya kununua muda, kisakinishi cha Proxmox hakiweki swapu ukichagua ZFS.

Kamera_Begani, saa 8 usiku kunatokea nini hapo kwako?

Kamera_Begani

Saa 8 kamili ni bakapu. Proxmox inabakapu VM ya Ubuntu kwenda diski ya nje ya USB.

Na Immich... nimeangalia sasa hivi, foleni ya kutambua nyuso na kuchakata picha mpya inaanza usiku wa manane. Wikiendi mke wangu anapakia picha za wiki nzima, inaweza kukesha hadi asubuhi.

Aisee.

Bibi_Seva

Sasa simulia mwenyewe.

Kamera_Begani

Nijaribu. Usiku wa manane Immich inaanza kazi, VM ya Ubuntu inapanda kutoka 5 kwenda 8 zote. Hapo 16 + 8 + 1.7 ni 25.7, zimebaki 5.5. Lakini ARC ya nje tayari ina 6.4, kwa hiyo inatakiwa ipungue. Saa 8 bakapu inaanza kusoma diski pepe nzima ya Ubuntu kutoka kwenye SSD, kila kinachosomwa kinapitia ARC, kwa hiyo ARC badala ya kupungua inataka kupanda, maana imeambiwa inaweza kufika 15.6. Wanagongana. Kerneli inamtafuta mnene.

Na siku za katikati ya wiki hakuna picha nyingi, ndiyo maana inatokea wikiendi tu!

Bibi_Seva

Umepita mtihani.

Nyundo_Ndogo

Nimeiondoa ile cron ofisini, msiniulize.

Ila Bibi, hiyo ARC inafanya nini hasa ambacho kache ya kawaida haifanyi? Naona inasifiwa sana.

Bibi_Seva

Kanuni yake ilitolewa na Megiddo na Modha wa IBM mwaka 2003, ZFS ikaichukua na kuirekebisha. Chukulia duka la Mangi. Kaunta yake ni ndogo, stoo ni kubwa lakini iko mbali. Kache ya kizamani inaweka kaunta vitu vilivyouzwa mwisho tu. Akija mteja mmoja akanunua vitu mia vya ajabu vya mara moja, kaunta nzima inajaa takataka na sukari inarudishwa stoo.

ARC inagawa kaunta mara mbili: upande wa vilivyoguswa karibuni, na upande wa vinavyoguswa mara kwa mara. Halafu, na hapa ndipo utamu ulipo, ina daftari la vitu ilivyovirudisha stoo. Sio vitu vyenyewe, majina tu. Mteja akiulizia kitu ambacho kipo kwenye daftari, Mangi anajua alikosea kukiondoa, anasogeza mpaka kati ya pande mbili za kaunta. Hivyo inajifunza tabia ya wateja wake bila wewe kuigusa.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na ARC kujaza RAM. Ugomvi wangu ni maduka mawili kwenye fremu moja.

Kinubi

Nimeelewa kuliko makala zote nilizosoma.

Chuma_Kimoja

Niseme ukweli ambao hamtaupenda. Kuweka TrueNAS ndani ya VM ni kujitafutia haya yote. Seva ya kuhifadhi data iwe chuma chake peke yake. ZFS juu ya chuma, basi.

Bibi_Seva

Mkuu, una hoja kwa mwenye vyuma viwili na umeme wa kuviwasha vyote. Huyu ana kimoja. Na hajakosea lililo kubwa: amekabidhi kadi nzima kwa VM, kwa hiyo ZFS ya ndani inaziona diski halisi. Angekuwa ametengeneza diski pepe juu ya ZFS ya Proxmox halafu ndani yake ZFS tena, hapo tungekusanyika kwa msiba mwingine.

Chuma_Kimoja

Hilo nakubali. Lakini SSD za Proxmox zingekuwa ext4 na LVM badala ya ZFS, kesi hii isingekuwepo.

Bibi_Seva

Kweli. Ila angepoteza kuakisi SSD kwa urahisi. Mimi ningebaki na ZFS, nikaipunguzia kaunta.

Kamera_Begani, fanya hivi. Fungua au tengeneza faili `/etc/modprobe.d/zfs.conf`, weka mstari mmoja:

`options zfs zfs_arc_max=2147483648`

Hiyo ni GiB 2 kwa baiti. Inatosha kuhudumia diski mbili za VM. Usishuke chini ya kiwango cha chini cha ARC, ambacho kwa kawaida ni RAM gawanya kwa 32, kwako ni kama GiB 1. Ukiandika kikomo kilicho chini ya hapo, ZFS inakipuuza kimya kimya na wewe unabaki unajiuliza.

Ukitaka ianze leo bila kuwasha upya, iandike pia huku:

`echo 2147483648 > /sys/module/zfs/parameters/zfs_arc_max`

Kamera_Begani

Mrejesho. Ile ya `echo` imefanya kazi, ARC imeshuka taratibu, kama robo saa hivi, mpaka 2.0. Nikafurahi, nikawasha upya seva ili kuhakikisha, nikaangalia `arc_summary`. 15.6 tena! Faili lipo, mstari upo, nimeusoma mara tano kama barua ya kuachishwa kazi.

Bibi_Seva

Kosa langu, sikukuambia. Proxmox yako inawaka kutoka ZFS, kwa hiyo moduli ya ZFS inapakiwa mapema, kabla faili hilo halijaonekana. Inasomwa nakala iliyomo kwenye initramfs (kifurushi kinachopakiwa mwanzo kabisa seva ikiwaka), ambayo bado ni ya zamani. Baada ya kila badiliko endesha:

`update-initramfs -u -k all`

Kisha washa upya.

Kamera_Begani

Sasa imekaa. Kikomo 2.0.

Ila nina swali, maana nimeingia ndani ya TrueNAS na huko nako naona karibu RAM yote imejaa. Ile duara ya dashibodi: iliyo huru 0.9, kache ya ZFS 11.2, huduma 3.5. Nako nikate?

Bibi_Seva

Huko acha. GB 16 umeshazitoa, zimefungwa, haziwezi kumsaidia mtu mwingine. ARC ya ndani isipozitumia zitakaa bure. Kwenye matoleo ya zamani ya SCALE (TrueNAS ya Linux) ilikuwa inaishia nusu, kuanzia 24.04 wameiachia itumie karibu yote kadiri huduma zinavyoruhusu. Ukiona 0.9 huru ndani ya TrueNAS, hiyo ni afya.

Kitu cha kuangalia huko ni ile 3.5 ya huduma. Ikianza kupanda wiki hadi wiki bila wewe kuongeza programu, njoo na uzi mwingine.

Nyundo_Ndogo

Na ile kanuni ya GB 1 ya RAM kwa kila TB 1 ya diski? Kwa diski zake si anahitaji 30 na kitu?

Bibi_Seva

Hiyo ni desturi ya mtaani tu. ZFS haina sharti hilo. TrueNAS wenyewe wanataka GB 8 za kuanzia. Mtu mmoja anayekopi faili kubwa za video hahitaji kache kubwa, faili la GB 60 analisoma mara moja kwa mwezi. Panapokula RAM kweli ni kuwasha uondoaji wa nakala zinazojirudia, maana inabidi orodha ya vipande vyote ikae karibu. Angalia `zpool list`, safu ya DEDUP isomeke 1.00x.

Kamera_Begani

1.00x.

Bibi_Seva

Safi. Usiiwashe kamwe, video za harusi hazijirudii. Hata kama zote zina keki.

Mtu_wa_Kisauni

Mwanipita hivi hivi? Asilimia mia na kitu yangu vipi?

Bibi_Seva

Samahani ndugu yangu wa Kisauni. Upo Proxmox 9?

Mtu_wa_Kisauni

Naam, nimepandisha juzi. Na shida imeanza hapo hapo.

Bibi_Seva

Basi huna shida. OPNsense ni FreeBSD, haipelekei Proxmox taarifa ya kina ya RAM inayotumia ndani. Toleo la 9 likikosa taarifa hiyo linakuonyesha kile hosti, yaani Proxmox yenyewe, inachokiona: RAM yote ambayo VM iliwahi kuigusa, pamoja na gharama za QEMU, programu inayoendesha VM. Ukijumlisha hizo mbili unaweza kuvuka kiasi ulichoiandikia VM. Ingia ndani ya OPNsense usome huko ndiko utapata matumizi halisi.

Mtu_wa_Kisauni

Ahsante sana. Nilikuwa nishaanza kuitafutia mganga.

Kamera_Begani

Mrejesho wa mwisho, wiki tatu baadaye.

Haijazimika hata mara moja. Nilifanya moja zaidi ya mliyoniambia, nikahamisha bakapu kutoka saa 8 usiku kwenda saa 5 asubuhi, muda ambao hakuna anayepakia picha. Usiku wa Jumapili iliyopita nilikesha makusudi na `watch free -h` kwenye simu, Immich ikiwa inachakata picha 1,900 za kipaimara cha mpwa wangu. Ubuntu ikafika 8 zake. Hosti ikagota kwenye 27.8, ikakaa hapo hapo mpaka nikasinzia. Asubuhi TrueNAS ipo, na kadi mbili nilizoacha zinakopi zimeisha.

Dashibodi bado inaonyesha 86% mchana. Mke wangu ameniuliza mbona bado ni nyekundu. Nimemwambia hiyo ndiyo rangi yake.

Kinubi

86? Si ulikuwa 94, umekata ARC 4.4, inatakiwa iwe 80.

Kamera_Begani

Ubuntu sasa haishuki tena kwenye 5. Imebaki 7 tangu usiku ule, hata ikiwa haina kazi.

Bibi_Seva

Ilizigusa kurasa zote ile usiku, na hakuna aliyezidai. Kwenye hiyo VM puto linafanya kazi, haina kadi. Iwekee kiwango cha chini GB 4 na cha juu 8, Proxmox itaanza kuibana VM hiyo pale RAM ya hosti ikivuka 80%.

Kamera_Begani

Ngoja nizime taa ya studio kwanza, nakuja kujaribu.